Nafuturisha watu 20 na jiko langu ni la pleti mbili: nianzie wapi?

*Swali: Asalaam alaykum Mama, shikamoo. Naishi Tabata, Dar es Salaam. Natoka kazini saa 11 jioni, Jumamosi nipo nyumbani. Kila Ramadhani mimi na mume wangu tunafuturisha ndugu, watu 20 hivi, wakwe zangu wakiwemo. Mwaka jana adhana ilinikuta mbele ya karai la mafuta. Nilifungua kwa maji nikiwa nimesimama, wageni wanakula mimi bado nakaanga, na usiku nililia. Mwaka huu nimepanga tende, uji, sambusa, katlesi, kalimati, vitumbua, tambi, mihogo ya nazi, maharage ya nazi, chapati, samaki wa kupaka na pilau. Nina jiko la gesi la pleti mbili, jiko moja la mkaa, na friji yenye friza ndogo juu. Nipike nini mapema bila kuharibika, na nianze lini?*

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonikaa moyoni ni hayo maji uliyoyanywa umesimama. Kufuturisha ni jambo lenye thawabu kubwa, lakini na wewe ni mfungaji, na futari ile ni yako pia. Kwa hiyo nitakujibu nikiwa na lengo moja: adhana ikilia, uwe umeoga, umekaa, na tende iko mkononi.

Tuanze na orodha yako. Vyakula 12. Ukimsomea mtu atasema vyakula ni vingi, atakwambia upunguze, basi. Mimi nimepika shughuli tangu ujana wangu Tanga, na ninaihesabu orodha namna nyingine: sitazami vyakula vingapi, natazama vingapi vinataka moto kuanzia saa 11 mpaka adhana. Sambusa, katlesi, kalimati, vitumbua na chapati vyote vinataka karai au kikaango, na vyote ni vitamu vikiwa vya moto. Samaki wa kupaka anataka mkaa na mtu wa kumgeuza na kumpaka. Pilau nayo inataka mkaa huohuo. Mihogo na maharage vinangoja tui. Hapo ni vyakula tisa vinavyogombea mafiga matatu kwa saa moja na nusu. Hata ungekuwa na dada watatu jikoni, mafiga ni yaleyale matatu. Kilichokuliza mwaka jana hakikuwa uvivu wala kukosa ujuzi. Uliupanga mlo usioweza kuiva kwenye jiko ulilonalo.

Sasa tukate. Katlesi na sambusa zinafanya kazi moja mezani, abaki mmoja, na nitakueleza kwa nini awe sambusa. Samaki wa kupaka na pilau vyote ni vyakula vya heshima, kimoja kinatosha, na kwa kuwa una jiko moja tu la mkaa, ibaki pilau. Chapati haina nafasi penye pilau na mihogo. Kalimati iache, maana ikikaa nusu saa kwenye shira inalainika na utamu wake ule wa kuvunjika mdomoni umeisha. Vitumbua nunua. Ramadhani hakuna mtaa wa Dar usio na mama mwenye meza ya futari baada ya alasiri, nawe unamjua wa kwako ambaye vitumbua vyake havina mafuta. Mwagize Alhamisi, mpe pesa yake kabisa, mtume mtoto akavichukue saa 11. Hakuna mgeni atakayeuliza vimepikwa na nani, na yule mama umemfungulia riziki.

Umebaki na tende, uji, sambusa, tambi, mihogo, maharage, pilau, na vitumbua vya kununua. Mkeka utajaa. Na kati ya hivyo ni sambusa peke yake inayotaka usimame jikoni saa ya mwisho.

Jambo la pili, ambalo watu wengi hulisahau mwezi huu: upikapo mchana umefunga. Wanazuoni wengi wanaruhusu kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema penye haja, lakini huo si uonjaji wa kupimia chumvi ya watu 20. Usiku unaweza kuonja kwa nafasi, ukaongeza ndimu, ukaonja tena. Kwa hiyo chochote kinachohitaji ulimi kipike usiku baada ya tarawehe, na mchana wa Jumamosi ubaki na kazi za kuunganisha na kupasha tu. Ndiyo maana nakupangia usiku minne mifupi badala ya mchana mmoja mrefu.

Sambusa zifunge Jumapili inayotangulia Jumamosi ya futari. Kwa watu 20 funga 60, maana tatu kila mtu ndiyo hesabu yangu penye vyakula vingine. Utahitaji nyama ya kusaga kilo 1 na nusu, na manda zilizokatwa tayari, nunua za ziada kidogo kwa zitakazochanika. Nyama iweke jikoni bila maji, tia saumu, tangawizi, chumvi, pilipili manga na ndimu, ukoroge mpaka ikauke kabisa na uisikie inakwaruza sufuria. Hapa pana tofauti kati ya sambusa ya leo na ya kugandisha. Ya leo tunatia kitunguu kibichi mwishoni ili kitafunike. Ya kugandisha usifanye hivyo, kwa sababu kitunguu kibichi kikitoka kwenye barafu kinatoa maji, manda inalowa na mafuta yanaruka. Kikaange na nyama mpaka nacho kikauke. Kisha acha nyama ipoe kabisa, iwe baridi mkononi, ndipo ufunge.

Wakati wa kufunga, tazama ile ncha ya chini ya pembetatu. Ukiweza kupitisha kijiti cha kiberiti, hapo ndipo mafuta yatakapoingilia, na sambusa yako itakuwa inatiririka mkononi mwa mgeni. Fungua, bana upya, tia gundi ya unga wa ngano iwe nzito kama uji wa mtoto. Zipange kwenye sinia zisigusane, weka kwenye friza mpaka ziwe ngumu kama mawe, halafu zimimine kwenye mifuko, toa hewa, funga. Zikishaganda kwanza hazishikani, na zinakaa hata wiki mbili bila tabu. Siku ya kukaanga usiziyeyushe. Zitoke kwenye friza moja kwa moja ziingie kwenye mafuta ya moto wa wastani, chache chache, maana ukizijaza karai mafuta yanapoa na manda inanywa mafuta. Katlesi ndiyo iliyonishinda hapa: kiazi kilichopondwa kikigandishwa kinatoa maji, na unaikuta inapasukia kwenye karai.

Maharage loweka Jumatano usiku, kilo 1. Alhamisi mwaga maji uliyolowekea, tia maji mapya, na yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla hujapunguza moto, hasa kama ni mekundu, kwa sababu maharage mabichi yana sumu ya asili inayokufa kwa mchemko wa kweli. Endelea mpaka yalainike, kaanga kitunguu chake, tia chumvi, onja. Ishia hapo, usitie nazi.

Kuhusu nazi nisikilize vizuri. Nilikuwa bado mgeni katika kazi hii nilipopika maharage ya nazi ya watu 60 usiku, sufuria moja kubwa, nikaridhika nayo, nikaifunika ingali moto nikalala. Asubuhi nilipofunua mfuniko povu lilikuwa limejaa juu na harufu imechacha. Yote tuliyamwaga. Sikukosea katika upishi, nilikosea katika kupoza. Sufuria kubwa iliyofunikwa inaweza kukaa vuguvugu usiku kucha, na vuguvugu ndilo vijidudu wanalolipenda, tena tui huchacha upesi kuliko karibu kila kitu tunachopikia. Tangu siku hiyo nina sheria mbili. Chakula cha kulaza kisitiwe nazi, nazi iingie siku ya kuliwa. Na chakula cha kulaza kigawanywe kwenye vyombo vifupi na vipana, kipoe, kiingie kwenye friji ndani ya muda wa saa 2 tangu kiepuliwe. Kwa sufuria ya supu, iketishe ndani ya karai la maji ya baridi yenye barafu, koroga, utashangaa inavyopoa haraka. Usiingize sufuria ya moto kwenye friji ndogo kama yako, itapasha moto na maziwa ya jirani yake.

Tui lenyewe unaweza kulikamua mapema ukaligandisha, zito peke yake na jepesi peke yake. Likiyeyuka linajitenga, usiogope, koroga juu ya moto mdogo linarudi. Nazi 6 zinatosha: 3 za mihogo, 2 za maharage, 1 ya tambi.

Pilau igawe mara mbili, na hapa ndipo utaokoa muda mwingi kuliko pengine pote. Ijumaa usiku kaanga kitunguu kilo 1 mpaka kiwe kahawia kabisa, rangi ya pilau inatoka hapo. Saga saumu na tangawizi. Pima bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, uviweke kwenye kikopo. Chemsha nyama kilo 3 kwa saumu, tangawizi na chumvi mpaka iive, kisha tenganisha nyama na supu. Onja supu: iwe na chumvi iliyozidi kidogo ile ambayo ungeifurahia kwenye bakuli, kwa sababu mchele utakuja kuinywa. Nyama chombo chake, supu chombo chake, kitunguu chombo chake, vyote kwenye friji. Jumamosi kilichobaki ni kuchagua mchele, kuuosha na kuunganisha, na huhitaji kuonja kitu.

Mchele ni kilo 2 na nusu. Unaujua mchele wako kuliko mimi. Kama ni mpya wa msimu, punguza supu, maana hauhitaji maji mengi.

Usije ukaona kazi imerahisika hivi ukasema basi niipike pilau yote Ijumaa niilaze mezani. Wali uliopikwa ukalala nje ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Mchele hubeba bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu mbegu hizo huamka na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Chakula chochote cha wageni kiwe baridi kweli, chini ya nyuzijoto 5, au moto kweli, juu ya nyuzijoto 60. Katikati ya hapo kisikae muda mrefu.

Mihogo kilo 5. Inunue Ijumaa ukitoka kazini, si kabla, kwa sababu muhogo uliong'olewa unaanza kuonyesha mistari myeusi ndani baada ya siku mbili tatu. Mwambie muuzaji auvunje mmoja mbele yako, uwe mweupe pe. Menya usiku huohuo, kata, toa ule mzizi wa katikati, ulowe kwenye maji ndani ya friji. Kama nafasi imekwisha, uchemshe kwa chumvi mpaka ukaribie kuiva, mwaga maji, upoze, ufunike.

Sasa mambo mawili yasiyo chakula ambayo yameshaharibu futari nyingi nilizoziona. La kwanza ni gesi. Usingoje ikuzimikie saa 11 jioni. Alhamisi mwagia ubavu wa mtungi maji ya moto kutoka juu, subiri kidogo, kisha pitisha kiganja kushuka chini: sehemu yenye joto haina kitu, inapoanza ubaridi ndipo gesi ilipo. Ikiwa chini ya robo, badilisha, au kopa mtungi wa shoga yako kwa siku moja.

La pili ni umeme. Friza iliyojaa ikibaki imefungwa inashikilia baridi saa 48 hivi, iliyojaa nusu saa 24, na friji ya chini saa 4 tu. Makadirio hayo ni ya friza kubwa iliyo sawa, ya kwako ndogo ya juu ya friji ihesabie pungufu. Kwa hiyo ijaze, tia hata chupa za maji zigande, utazihitaji pia kwa juisi. Umeme ukikatika Ijumaa usiku usifungue fungue kuangalia. Nyama na supu hamishia kwenye ndoo yenye barafu, na kama umekatika muda mrefu, supu irudi jikoni ichemke tena alfajiri baada ya daku, kisha ipozwe upya.

Jumamosi sasa. Baada ya Alfajiri lala. Nasema kweli, lala mpaka saa 3. Ukiamka tandika mikeka, hesabu sahani na vikombe, chambua tende kilo 1, kamua ukwaju, kata tikiti maji ulifunike kwenye friji. Saa 8 mchana toa sambusa moja tu uikaange uone moto wa karai lako, mpe mtoto asiyefunga akwambie ladha. Saa 9 pika tambi, pakiti 3, kwa tui, sukari na iliki. Tambi ni nzuri zikiwa na uvuguvugu, hazitaki kupashwa, na kwa kuwa zinaliwa baada ya saa chache, acha zipoe, zifunike kwa kawa baada ya hapo. Usizifunike kwa mfuniko wakati zinafuka, zitalowa.

Saa 10 koroga uji lita 5, tia pilipili manga. Suuza chupa za chai kwa maji yanayochemka kwanza, ndipo umimine uji. Chupa ya baridi inaiba joto na saa ya adhana uji umeshapoa. Unapokoroga uji kwenye pleti moja, mkaa uwe unawaka nje. Saa 10 na robo anza pilau: kitunguu, saumu, viungo, nyama, supu ichemke, mchele. Ikikaukia, punguza moto chini, palia makaa juu ya mfuniko, iache. Hapo jiko la mkaa halikuhitaji tena. Ikiiva izungushie kanga nzito, itakaa moto zaidi ya saa moja.

Saa 10 na nusu pleti zote mbili ziko huru. Mihogo kwa tui jepesi kwanza, maharage yachemke upya. Tui zito liingie mwishoni, ukoroge taratibu upande mmoja lisikatike, ukiona limetokota epua. Saa 11 na robo mafuta yanapata moto, sambusa zianze. Kwenye karai la kawaida zinaingia kumi kumi, kila mkupuo dakika 6 mpaka 8. Saa 12 umemaliza, na magharibi ya Dar kwa Ramadhani za miaka hii mara nyingi ni saa 12 na nusu au imepita kidogo. Zima jiko, kaoge.

Nusu saa hiyo usimpe mtu yeyote. Watakuja wakwe, watataka chumvi, watauliza kijiko kiko wapi. Kila mmoja mpe kazi yake mapema: wifi yako mmoja amwage uji kwenye vikombe, mwingine agawe tende, mumeo asimamie maji ya kunawa na barafu. Waambie kwa simu tangu Ijumaa, kwa jina na kwa kazi. Mtu akiambiwa "njoo unisaidie" atakuja aketi akungoje umwambie la kufanya, na kumwelekeza mtu nako ni kazi.

Kumbuka pia kwamba kwetu futari inaliwa mara mbili. Adhana ikilia wanahitaji tende, maji, uji na sambusa. Kisha wanaswali. Pilau, mihogo, maharage na vitumbua vinapakuliwa baada ya swala, kwa hiyo hujachelewa hata kama pilau iko bado kwenye makaa wakati muadhini anaanza. Mwaka jana ulitaka vyote viwe mkekani kwa pamoja, na hakuna aliyekudai hivyo. Mama mkwe ukimwona anachungulia jikoni, mshike mkono mkae naye.

Wageni wakiaga uwe na vyombo vya kuwafungia. Pilau ya kubakiza kwa daku itandaze kwenye sinia ipoe, iingie kwenye friji mapema usiku huohuo. Saa 10 alfajiri inyunyizie supu kidogo, uipashe mpaka ifuke mvuke pande zote. Mihogo na maharage ya nazi usivilaze, mpelekee jirani vingali moto.